GT86 Iliyogoma Kuingia Kona: Uchambuzi wa Kisa cha Kuchagua Koilova

Gari lenyewe ni Toyota GT86 ya toleo la kwanza, lile lililoingia sokoni mwaka 2012 likiwa na injini bapa ya lita 2.0 iliyozaliwa kwa ushirikiano wa Toyota na Subaru. Uzito wake ni karibu kilo 1,240, nguvu zinakwenda magurudumu ya nyuma, na kitovu chake cha uzito kiko chini sana kwa gari la barabarani: milimita 460 hivi kutoka ardhini. Mwenyewe analiendesha kwenda kazini siku za wiki. Siku ambazo uwanja wa mbio unafunguliwa kwa watu wa kawaida analipeleka huko. Hakuna kombe wala mshindi. Kila mtu anakimbia kadiri ya uwezo wake, na jioni anarudi nyumbani na gari lile lile. Sharti hilo la kurudi nyumbani na gari lile lile ndilo lililotawala maamuzi yote yatakayosimuliwa hapa.

Malalamiko yake yalikuwa mafupi. "Fundi, gari haligeuki. Nikifika katikati ya kona pua inakimbilia nje, nikiongeza kukata usukani ndiyo kwanza inazidi."

Alikuja na orodha tayari. Koilova, yaani shokomzoba na springi zilizoungana na kurekebishika kimo, zenye springi za kilo 10 kwa milimita (inahitaji kilo 10 kuibana milimita moja), mbele na nyuma sawa. Kushusha gari milimita 45. Stabilaiza nene ya nyuma, ile fimbo inayounganisha gurudumu la kushoto na la kulia ili gari lisilale sana. Bushi za poliyurethani kila mahali palipo na raba. Orodha ya namna hii utaikuta mikononi mwa wengi wanaoanza kwenda uwanjani, na kila kitu kilichomo kina hoja yake. Tatizo ni kwamba iliandikwa kabla mtu yeyote hajapima chochote kwenye gari hili. Mwisho wa kazi vilibaki vitu viwili: seti moja ya koilova pamoja na sahani zake za kurekebisha kemba, yaani jinsi gurudumu linavyoegemea ndani (hasi) au nje kwa juu, na mikono miwili ya chini ya nyuma inayorekebishika, vyuma vinavyoshika magurudumu kwenye chesisi.

Matairi yalivyosema

Alikuwa ameshaachana na matairi ya kiwandani, yale ya 215/45R17 ambayo yalichaguliwa makusudi yasiwe na mshiko mkubwa ili gari liwe na uchangamfu kwa mwendo wa kawaida. Sasa alikuwa na 225/45R17 za raba laini, zenye namba ya uchakavu 200 ubavuni. Hapo tayari kuna habari muhimu. Tairi likishika zaidi, gari linalala zaidi kwenye kona, na kasoro za jiometri ambazo tairi la kiwandani lilikuwa linazificha zinaanza kuonekana.

Tulichuchumaa kwenye gurudumu la mbele la kushoto mara tu gari liliposimama. Bega la nje lilikuwa limeviringika kama sabuni iliyotumika. Raba ilikuwa imekwanguliwa kupita ile alama ndogo ya pembetatu iliyochapishwa pembeni, mpaka ikala kidogo kwenye maandishi ya ubavuni. Ukipitisha kidole kutoka ndani kwenda nje unahisi punje za raba iliyosagika zikiongezeka. Ukingo wa ndani ulikuwa msafi, na mstari mwembamba wa kalibu ya kiwandani bado ulionekana. Tairi lenye upana wa milimita 225 lilikuwa linafanya kazi ya tairi la milimita 150 hivi.

Kipimajoto cha sindano kilithibitisha. Kile cha mwanga kinasoma ngozi ya juu tu, na ngozi ya juu hupoa wakati gari linarudi taratibu kutoka uwanjani. Sindano inaingia ndani ya raba na kusoma joto lililokusanywa na kona zenyewe. Bega la nje lilikuwa juu ya la ndani kwa zaidi ya digrii 20. Katikati palikuwa karibu na wastani wa pande mbili, maana yake upepo haukuwa na kosa. Kungekuwa na upepo mwingi mno, katikati ndiko kungekuwa na joto la peke yake.

Karatasi ya alaimenti ikamaliza mjadala: kemba ya mbele ilikuwa sifuri na ushei, upande mmoja hasi 0.1, upande mwingine hasi 0.2. Nyuma ilikuwa hasi 1.2. Hivi ndivyo gari hili linavyotoka kiwandani, na kwa barabara ya kawaida si kosa. Mtengenezaji anataka tairi lichakae sawasawa na pua ndiyo iteleze kwanza, kwa sababu dereva wa kawaida akishtuka huachia mafuta, na kuachia mafuta huirudisha pua kwenye mstari.

Sasa angalia kinachotokea uwanjani. Mbele ya GT86 ni mfumo wa McPherson: shokomzoba yenyewe ndiyo nguzo inayoshika gurudumu kwa juu, na mkono mmoja wa chini unalishika kwa chini. Mfumo huu ni mwepesi, hauli nafasi, na unadumu. Udhaifu wake ni kwamba gurudumu likipanda halijilazi ndani vya kutosha. Bodi ikilala digrii 3 kwenye kona, gurudumu la nje linalazwa pamoja nayo, na jiometri inarudisha sehemu tu ya hizo digrii 3. Ongeza kunyumbuka kwa bushi na ubavu wa tairi. Gurudumu lililoanza na kemba ya sifuri linajikuta limeegemea nje kwa digrii 2 au zaidi, likitembea juu ya bega lake. Dereva anaongeza kukata usukani, bega linazidi kusagika, mshiko hauongezeki. Malalamiko ya mwenye gari yalikuwa sahihi neno kwa neno.

Kitu kingine kilipatikana tulipolinyanyua gari. Shokomzoba ya nyuma kushoto ilikuwa imeanza kutoa jasho la mafuta, na stopa za raba, zile zinazozuia shokomzoba isigonge mwisho, zilikuwa zimetafunwa. Tulivuta juu kifuniko cha vumbi, tukafunga kamba nyembamba ya plastiki, ile ya kufungia nyaya, kwenye fimbo ya shokomzoba na kuisukuma chini mpaka iguse mwili wake. Gari likikimbia, kamba inasukumwa na kubaki pale fimbo ilipoishia kuingia. Ni kipimo cha bure, na sijaona kifaa cha bei kubwa kinachosema ukweli wazi zaidi ya hicho. Baada ya mizunguko michache kamba ilikuwa imekwama kabisa kwenye stopa. Shokomzoba za zamani zilikuwa zinafika mwisho wa safari yake katika kona ndefu, na zikifika hapo gari halina springi tena. Lina raba iliyobanwa.

Kwa hiyo yalikuwa magonjwa mawili. Kemba haitoshi mbele, na shokomzoba zimechoka pande zote. Katika orodha ya awali hakukuwa na mstari hata mmoja unaotaja kemba.

Jaribio kabla ya kununua

Nilisisitiza tuanze na boliti za kemba. Shokomzoba ya mbele imefungwa kwenye nakoli, kile chuma kinachobeba gurudumu, kwa boliti mbili. Unabadilisha moja kwa boliti yenye tumbo lililopinda, na ukiizungusha inasukuma gurudumu ndani au nje. Ni kifaa cha bei ndogo kuliko tairi moja. Kwenye gari hili boliti hizo zilitoa hasi 1.6 kila upande. Ukigusa kemba kwa njia hii, tou, yaani jinsi ncha za mbele za magurudumu zinavyoangaliana, nayo inahama kwa kiasi kikubwa, hivyo lazima ipimwe na kurudishwa. Tuliiweka sifuri.

Tofauti ya joto kati ya bega la nje na la ndani ilipungua kwa zaidi ya nusu. Pua iliacha kukimbia mapema. Sasa ilikimbia tu katika kona ndefu za mwendo mkubwa, pale ambapo gari linabaki limelala kwa muda. Mwenye gari alishuka akisema anahisi amebadilishiwa usukani. Springi zilikuwa zile zile na shokomzoba zilikuwa zile zile zilizochoka.

Jaribio hili lilikuwa la thamani kwa sababu lilitenganisha magonjwa. Kama tungefunga koilova na kemba siku moja, gari lingekuwa bora na asingejua kipi kimemponya. Mara ya pili angelaumu au kusifu kitu kisichohusika. Lilionyesha pia kiasi kilichobaki. Ikiwa kufika hasi 1.6 kumeondoa zaidi ya nusu ya tofauti, basi tunahitaji karibu digrii 1 zaidi, pamoja na kupunguza kulala kwa bodi. Hapo ndipo springi zinapoingia kwa haki.

Hesabu ya springi

Kuna jambo moja ambalo springi haiwezi kulibadilisha, na ni vizuri kulikubali kabla ya kutoa pesa. Uzito unaohama kutoka upande wa ndani kwenda upande wa nje kwenye kona unategemea uzito wa gari, nguvu ya kona, urefu wa kitovu cha uzito, na upana kati ya magurudumu. Gari hili na dereva ni karibu kilo 1,320. Upana kati ya magurudumu ni wastani wa mita 1.53. Kwenye kona inayovuta sawa na nguvu ya mvutano wa dunia, 1,320 mara 0.46 gawa kwa 1.53 ni karibu kilo 400. Gari likiwa limesimama kila upande unabeba kilo 660. Kwenye kona hiyo upande wa nje unabeba 1,060 na wa ndani 260. Funga springi ngumu kama chuma cha reli, hizo kilo 400 zitahama vile vile.

Springi na stabilaiza zinafanya mambo mawili tofauti. Zinaamua bodi italala kiasi gani, na zinaamua kilo 400 zigawanyike vipi kati ya mbele na nyuma. Upande wenye ugumu zaidi unachukua sehemu kubwa, na kwa kuwa tairi likiongezewa mzigo mshiko wake hauongezeki kwa uwiano ule ule, upande huo ndio unaotangulia kuteleza. Ndiyo sababu watu husema: pua ikikimbia, fanya nyuma kuwa ngumu. Kanuni ni ya kweli. Lakini kwenye mfumo wa McPherson kuna nguvu ya pili inayovuta upande wa pili: ukiongeza ugumu mbele, bodi inalala kidogo, kemba inahifadhika, na tairi la nje linakanyaga kwa upana wake wote. Kwa magari ya aina hii faida ya kemba mara nyingi inazidi hasara ya mzigo. Nimeona watu wakibishana juu ya hili mpaka wakakasirikiana, na wote wawili wana haki. Wanachokosa ni kipimo cha joto kwenye tairi la gari linalobishaniwa.

Sasa kilo 10 kwa milimita. Njia nzuri ya kulinganisha springi ni kuuliza bodi itadunda mara ngapi kwa sekunde juu yake. Magari ya kawaida ya barabarani huwa kati ya mara 1 na 1.5. Gari la uwanjani lisilo na mabawa ya kukandamiza hewa hufanya vizuri karibu na 2. Kila kona ya mbele ya gari hili inabeba kama kilo 315 za bodi, ukiondoa uzito wa gurudumu na breki. Springi ya mbele imekaa karibu kabisa sambamba na mwendo wa gurudumu, kwa hiyo nguvu inayofika chini ni karibu asilimia 90 ya namba iliyoandikwa. Springi ya kilo 10 inakupa karibu mara 2.7. Springi ya kilo 6 inakupa karibu 2.1.

Nyuma hesabu ni nyingine. Pale kuna mfumo wa mikono ya juu na chini, na springi imefungwa ndani zaidi. Gurudumu likipanda milimita 4, springi inabanwa kama 3. Uwiano huo unatumika mara mbili, kwa safari na kwa nguvu, hivyo inayofika chini ni asilimia 56 tu. Springi ya kilo 7 nyuma inaleta karibu mara 1.9. Kwa hiyo "kumi mbele, kumi nyuma" inasikika kama usawa, lakini chini ya magurudumu inakuwa 2.7 mbele na 2.25 nyuma: pua ngumu kupita kiasi, kwenye gari ambalo mwenyewe analalamika kwamba pua inakimbia.

Kisha kuna ardhi yenyewe. Uwanja una viungo vya lami, mawimbi katika sehemu za kufungia breki, na kingo za rangi ambazo dereva anazipanda kwa makusudi. Kwa mara 2.7, tairi linaanza kuruka juu ya mawimbi badala ya kuyafuata, na tairi lililo hewani halina mshiko wowote. Springi za namna hiyo zina mahali pake: matairi ya mashindano, mabawa yanayozalisha mkandamizo, lami iliyonyooka. Gari hili halikuwa na hata kimoja.

Milimita 45

Hili ndilo eneo nililolipigania zaidi, kwa sababu kushusha gari kunapendeza macho na madhara yake hayaonekani likiwa limeegeshwa.

Tazama mkono wa chini wa mbele. Kwa kimo cha kiwandani unateremka kidogo kutoka kwenye chesisi kwenda kwenye gurudumu. Gurudumu likipanda, mkono unasogea kuelekea mlalo na kulisukuma gurudumu nje kwa chini, kwa hiyo kemba hasi inaongezeka kidogo. Ukishusha gari sana, mkono unaanza ukiwa umeshalala au umeinukia upande wa gurudumu. Kuanzia hapo, kila milimita gurudumu linayopanda inavuta sehemu ya chini ndani, na kemba hasi inaacha kuongezeka kisha inapungua pale pale unapoihitaji.

La pili halionekani kabisa. Bodi inapolala, inazunguka nukta moja ya kufikirika, kitovu cha kulalia. Kwenye McPherson kitovu hicho hupatikana kwa kuchora mstari unaofuata mkono wa chini na mwingine unaokata shokomzoba kwa pembe mraba pale juu inapofungwa; pale inapokutana unachora wa tatu kwenda tairi linapogusa ardhi, na unapokata katikati ya gari ndipo kilipo kitovu. Ukishusha bodi, kitovu cha uzito kinashuka milimita zile zile ulizoshusha, lakini kitovu cha kulalia kinashuka zaidi ya hapo. Umbali kati ya vitovu viwili unaongezeka, na umbali huo ndio mtaimbo unaolilaza gari. Umeshusha gari ili lisilale, nalo limepata mtaimbo mrefu wa kulalia. Kisha unanunua springi ngumu zaidi kuficha tatizo ulilolileta mwenyewe. Zipo boljointi ndefu (viungo vya ncha ya mkono) za kurudisha mkono kwenye pembe yake, na tairodi (fimbo za usukani) za kuendana nazo. Ni vifaa halali, ila kwa gari linalokwenda kazini kila siku ni afadhali kutovihitaji.

Tulikubaliana milimita 20. Kwa kimo hicho mkono wa chini ulibaki na mteremko mdogo, na safari ya shokomzoba ikabaki ya kutosha.

Uchaguzi wenyewe

Springi fupi juu ya shokomzoba za kiwandani zilitoka mapema katika mchujo. Shokomzoba zilikuwa zimechoka, na hata zingekuwa mpya, zilitengenezwa kutuliza springi laini. Springi ngumu ikibanwa inahifadhi nguvu nyingi zaidi, na shokomzoba isipoweza kuizuia wakati wa kuachia, gari linadunda baada ya kila tuta.

Seti za mashindano zenye marekebisho matatu na tangi la nje nazo zilitoka. Ni vifaa vizuri sana. Lakini zinahitaji mtu anayejua kuzipanga, na zinataka kufunguliwa na kufanyiwa ukarabati mara kwa mara. Dereva ambaye bado anatafuta mstari wake wa kona atazungusha vitufe bila kujua kama mabadiliko yametoka kwenye kitufe au kwenye mguu wake.

Mvutano ulibaki kwenye kundi la kati, na humo seti mbili zinaweza kufanana kwa macho huku ndani zikiwa mbingu na ardhi. Haya ndiyo tuliyoyauliza kabla ya kulipa.

La kwanza lilikuwa grafu ya nguvu ya shokomzoba dhidi ya mwendo wa fimbo, kwa kila hatua ya marekebisho. Muuzaji anayesema "hatua 30" na hana grafu hajakuambia chochote. Kwenye seti nyingi za bei nafuu hatua 20 za kwanza hazibadilishi kitu na 10 za mwisho zinabadilisha kila kitu, tena shokomzoba ya kushoto na ya kulia hazifanani. Nguvu ya kuachia inapaswa kuwa kubwa kuliko ya kubana, na mikondo ya kushoto na kulia ilaliane. Seti tuliyoichagua ilikuwa na hatua chache, lakini kila moja ilionekana wazi kwenye karatasi.

La pili, muundo wa ndani. Kwa kuwa nguzo ya McPherson inabeba nguvu za pembeni, si za juu na chini peke yake, fimbo nyembamba inapinda kidogo na kukwama ndani ya mwili wake kona inapovuta. Shokomzoba iliyogeuzwa juu chini, yenye mrija mmoja mnene na gesi yenye shinikizo, inavumilia zaidi, na mafuta yake hayafanyi povu kwa urahisi.

La tatu, kimo kirekebishwe kwa kuzungusha mwili wa chini wa shokomzoba na si kwa kubana springi. Ukishusha gari kwa kulegeza kikombe cha springi unakula safari ya kubana. Na kubana springi ya kawaida mapema hakuifanyi kuwa ngumu zaidi, ingawa imani hiyo imeenea sana. Kilo 6 kwa milimita ni kilo 6 kwa milimita popote ilipoanzia.

La nne, tuliuliza shokomzoba hiyo inaweza kutuliza springi za kiwango gani, kutoka chini hadi juu, bila kufunguliwa. Jibu lilikuwa kilo 5 hadi 8 mbele. Hilo lilinipa utulivu kuliko sifa nyingine zote.

Tukachukua 6 mbele na 7 nyuma, pamoja na sahani za kemba za kufunga juu ya nguzo. Nyuma, ambako kemba hairekebishiki kiwandani, tulifunga mikono ya chini inayorekebishika. Bushi za poliyurethani zilifutwa. Raba za gari hili zilikuwa nzima, na kuna bushi za nyuma zinazotakiwa kupinda pande zaidi ya mmoja. Ukiweka pale kitu kigumu kisichopinda, mkono unakwama na kuwa springi ya ziada ambayo hakuna aliyeipanga.

Stabilaiza nene ya nyuma ndiyo iliyomuuma zaidi kuiacha, kwa sababu kila aliyemuuliza alimwambia aanze nayo. GT86 yake ina difu ya Torsen. Difu hiyo hupeleka nguvu kwenye gurudumu lenye mshiko kwa kuzidisha kile ambacho gurudumu lenye mshiko mdogo linaweza kukihimili, na chochote ukikizidisha na sifuri unapata sifuri. Stabilaiza nene inalinyanyua gurudumu la ndani. Kwenye kona ya taratibu, mara tu anapokanyaga mafuta kutoka, gurudumu hilo linazunguka bure na gari halisogei. Angepata pua inayogeuka na kupoteza mwendo wa kutokea, na mwendo wa kutokea anakwenda nao mpaka mwisho wa njia iliyonyooka.

Baada ya kufunga

Ufungaji wenyewe haukuwa na mengi. La kutilia mkazo ni kwamba boliti zinazopita kwenye bushi za raba zikazwe gari likiwa limesimama kwenye kimo chake, si likining'inia kwenye jeki. Ukizikaza magurudumu yakining'inia, raba inabaki imejisokota kila siku ya maisha yake na inachanika mapema. Kisha gari liliwekwa kwenye mizani minne, dereva akiwa kitini, na vimo vikasahihishwa mpaka jumla ya uzito wa magurudumu mawili ya mshazari ikawa nusu ya uzito wote.

Mbele hasi 2.8, tou sifuri. Nyuma hasi 2.0, tou ya kuingia ndani kidogo, digrii 0.1 kila upande. Upepo psi 34 matairi yakiwa moto, mbele na nyuma.

Safari hii bega la ndani ndilo lililokuwa na joto zaidi ya la nje kwa digrii chache, kama inavyotakiwa: kemba hasi hulipasha joto bega la ndani kwenye njia iliyonyooka, na ukiona pande zimelingana kabisa, huenda bado umepungukiwa. Pua iliingia kona. Lakini likazuka jipya: wakati wa kufunga breki na kugeuka kwa pamoja, mkia ulikuwa mwepesi, ukipeperuka kabla gari halijatulia. Hatukugusa springi. Tulilegeza nguvu ya kuachia ya nyuma hatua mbili. Breki zikishikwa uzito unakwenda mbele na nyuma inanyanyuka. Shokomzoba ikichelewesha fimbo kutoka, tairi la nyuma linanyimwa ardhi kwa muda mfupi, na muda huo mfupi ndio mkia unaoutumia kutoka. Hatua mbili zilitosha.

Gharama ya starehe ipo, na mwenye gari aliambiwa kabla. Sahani za kemba zina kiungo cha chuma cha duara badala ya raba, na kwenye mashimo ya barabarani kinagonga kwa sauti unayoisikia kwenye miguu. Tairi la mbele litachakaa ndani kidogo, ingawa kemba peke yake haili tairi kwa kasi ambayo watu wanaiogopa. Tou mbaya juu ya kemba kubwa ndiyo inayolimaliza. Ndiyo maana alaimenti yake inapimwa kila anapogonga ukingo kwa nguvu.

Anataka sasa matairi laini zaidi. Kamba ya plastiki kwenye fimbo ya mbele inaonyesha kuna milimita 15 hivi zilizobaki kabla ya stopa. Matairi yenye mshiko zaidi yatazila baadhi, na yakizila zote, springi za mbele zitapanda kutoka 6 hadi 7 au 8, ambazo shokomzoba hizi zinazimudu bila kufunguliwa, na za nyuma zitapanda kwa uwiano ule ule. Matairi yatafungwa kwanza, kamba itasukumwa chini, gari litakimbia, na springi zitaagizwa baada ya kamba kusomwa.